Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Juma hili tuseme habari ya maonyesho ya sanaa. Huenda mtu akauliza, "Hayo ni mambo ya mijini, sisi wa huku Mamba yatufaa nini?" Subiri kidogo, ndugu msomaji, maana jambo lenyewe lahusu haki ya mtu afanyaye kazi kwa mikono yake, na watu hao twanao wengi vijijini mwetu.

Katika mji wa Venice, nchi ya Italia, yako maonyesho makubwa ya sanaa yaliyoanza mwaka 1895. Mataifa huweka mabanda yao huko, kama tuonavyo sisi siku za Nane Nane. Shabaha ni kwamba kila taifa lilete kazi za watu wake, wageni wazitazame, na kila mmoja ajifunze kitu kwa mwenzake. Neno jema kabisa.

Lakini mwaka 2013 lilisimama banda lililoitwa la Kenya, na wengi wa wasanii waliowekwa humo walikuwa Wachina na Waitalia. Wakenya wenyewe walikuwa wachache tu. Mwaka 2015 orodha ikatoka tena vivyo hivyo. Mtu aweza kutetea akisema, "Je, si ndiyo kubadilishana utamaduni huko?" La, sivyo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atoke nje. Kubadilishana kwataka watu wawili, na kila mmoja awe na kitu mkononi.

Wasanii wa Kenya hawakunyamaza. Waliandika kulalamika, wakakusanya sahihi za watu. Mchoraji Michael Soi akachora picha za kukejeli jambo hilo, akazipa jina la aibu ya Venice. Basi serikali yao ikasikia, na waziri aliyeshughulika na utamaduni, Hassan Wario, akalikana banda lile. Mwaka 2017 Kenya ilirudi Venice na wasanii wake yenyewe, wakiwamo Peterson Kamwathi, Paul Onditi na Arlene Wandera. Hapo waona kazi ya maneno ya ukweli yasemwapo kwa wakati wake.

Tazama sasa upande wa Uganda. Mwaka 2022 iliweka banda huko kwa mara ya kwanza, kwa kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na waamuzi wakalitaja kwa sifa maalum. Kazi za Bibi Kerunen zilisukwa kwa vitu ambavyo mama zetu wavijua sana, kama ukindu na nyuzi za migomba, na wanawake wasusi wa kwao walishiriki kuzifanya. Mwaka 2024 Tanzania yetu nayo ikafika Venice mara ya kwanza.

Tena tusidhani kwamba kupima sanaa ni elimu ya Wazungu peke yao. Wasukuma, ambao wengi wao ni majirani zetu huku, wana vyama vya ngoma viwili, Bagika na Bagalu. Hucheza kwa kushindana, na watazamaji huenda kule wapendezwako. Asiyejua kazi yake huachwa na vumbi lake. Pale Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement aliwapa nafasi ya kushindana katika sikukuu ya Bulabo. Hakuleta wachezaji kutoka kwao Kanada na kuwaita Wasukuma.

Basi, ndugu msomaji, akija mtu kijijini kutafuta mikeka, vyungu au ngoma za kwenda kuonyeshwa mjini au ng'ambo, tumpokee kwa heshima, maana mgeni ni baraka. Lakini tumwulize mambo matatu. La kwanza, jina la aliyefanya litaandikwa kando ya kazi yake, au litaandikwa la mnunuzi? La pili, kitu kikiuzwa, mwenye kazi atapata nini? La tatu, sisi nasi tutaonyeshwa nini cha hao wengine? Asiyeweza kujibu hayo hajaja kubadilishana; amekuja kuchukua.

Wazazi nao wasiwakemee watoto wachoraji kwamba wapoteza muda. Na mtoto akikuletea picha yake, usiseme "nzuri" upesi ili aondoke. Itazame, umwambie kilicho sawa na kilichopungua. Sifa ya bure haimkuzi mtu, wala dhihaka haimfundishi. Mtoto aliyezoea kuambiwa ukweli nyumbani hatatishika siku atakapousikia mbele ya watu.