Simu za Athi River: Bei nafuu pekee haitoshi

Kiwanda cha kuunganisha simu janja kilipozinduliwa Athi River, nchini Kenya, mwezi Oktoba 2023, kilipokewa kama hatua muhimu kwa viwanda vya Afrika Mashariki. Bei ilitangazwa kuanzia shilingi 7,499 za Kenya. Hata hivyo, mjadala wa bei umefunika suala jingine lenye uzito: kifaa kilichounganishwa katika ukanda huu kitadumu kwa muda gani mikononi mwa mnunuzi?

Jibu linategemea sana bodi ya saketi iliyomo ndani. Vipande vya bodi hiyo hushikwa kwa lehemu. Inapopata joto, bodi hutanuka kuliko baadhi ya vipande inavyovibeba; inapopoa, husinyaa. Kila mzunguko huichosha lehemu, hadi ufa usioonekana kwa macho unapokata njia ya umeme.

Ndiyo maana viwanda vya elektroniki duniani huzitesa sampuli za bodi kabla ya kuziamini. Baadhi hupitishwa mamia ya mara kati ya nyuzi joto 40 chini ya sifuri na nyuzi 125 za Selsiasi. Nyingine hukaa saa 1,000 kwenye nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, hunyunyiziwa ukungu wa chumvi au hutikiswa mfululizo. Kwa njia hiyo, udhaifu ambao ungejitokeza baada ya miaka hufichuka ndani ya majuma.

Majaribio hayo si anasa. Hewa ya Mombasa ina chumvi, Turkana kuna joto kali, na simu ya mwendesha bodaboda hutikiswa kutwa nzima. Kwa anayelipa kidogo kidogo kila siku, simu ikifa kabla ya deni kwisha, hasara huwa yake.

Taa za sola zimekwisha kutoa funzo. Bidhaa hafifu zilipojaa sokoni, mpango wa Lighting Africa wa Kundi la Benki ya Dunia, ulioanzia Kenya na Ghana, uliweka vipimo vya ubora, na wanunuzi wakapata njia ya kutenganisha pumba na mchele.

Simu huvuka mipaka kwa wepisi. Mataifa ya ukanda huu yakikubaliana juu ya vipimo vya pamoja na matokeo yakawekwa wazi, mnunuzi hatalazimika tena kuwa chombo cha majaribio.