Mto Ruaha na Wajibu wa Magazeti

Maji ya Mto Ruaha Mkuu hushuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, huenea katika tambarare ya Usangu mkoani Mbeya, hupita kinamasi cha Ihefu, kisha huingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuelekea bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Tangu mwaka 1993 mto huo hukauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi.

Habari hiyo ni kubwa, na ilistahili kupigiwa mbiu. Lakini ilipokuja taabu ya umeme mwaka 2006, magazeti mengi yalishika wimbo mmoja: ng'ombe ndio waliokausha mto, na ndio waliozima taa mijini. Mfanyakazi ambaye mashine yake ilisimama akaaminishwa kwamba adui yake ni mchungaji wa Usangu. Mwaka huo na uliofuata wafugaji wakaondoshwa Ihefu, wengi wakapelekwa Lindi na Pwani. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha.

Je, wimbo ule ulikuwa wa kweli? Watafiti waliopima maji ya Usangu kabla ya hapo walikwisha kuonyesha kwamba wakati wa kiangazi maji machache yaliyopo huchukuliwa zaidi na mifereji ya mashamba, hasa ya mpunga. Walionyesha pia kwamba Mtera hujazwa na maji mengi ya majira ya mvua, wala si kijito cha kiangazi. Hayo yalipata nafasi ndogo magazetini.

Hatusemi kwamba mifugo haina madhara. Makundi makubwa hukanyaga majani na kubomoa kingo za maji. Twasema kwamba mzigo wa wengi hautwikwi mmoja, tena yule asiye na msemaji. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake; ndiyo sababu mwandishi hapaswi kusikiliza ngoma moja.

Hifadhi ni mali ya umma, na umma una haki ya kuambiwa ukweli wake wote. Mwandishi aendaye Usangu na amsikilize mfugaji, mkulima na askari wa hifadhi. Kisha afuate mfereji hadi mwisho wake, aulize nani ameufungua, na kwa kibali gani. Akiadhibiwa asiyekosa, mto utazidi kukauka.