Tuache Kulia, Tuhesabu

Nina ugomvi na namna tunavyomsimulia Phiona Mutesi. Sigombani naye, nagombana na sisi tulioitazama filamu ya Queen of Katwe mwaka 2016, tukalia, tukaandika mitandaoni kwamba hakuna lisilowezekana, kisha tukalala usingizi mnono.

Hadithi mnaijua. Binti wa Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Baba amefariki, mama anahangaika sokoni, binti anatembeza mahindi, ada hakuna, shule imekatika. Siku moja anamfuata kaka yake hadi kwa Robert Katende, ambako watoto hupewa uji na kufundishwa sataranji. Amefuata uji, amekuta mchezo. Anakuwa bingwa wa taifa wa wasichana. Mwaka 2010 anaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Siberia. Mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya Istanbul, yeye na Ivy Amoko wanakuwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huu. Mwaka huohuo Tim Crothers anatoa kitabu kumhusu, na baadaye Disney wanatoa filamu iliyoongozwa na Mira Nair.

Wasimulizi wetu huishia hapo. Mimi nataka tuendelee mpaka kwenye hesabu.

Ndoto iliyotangazwa ilikuwa kumwona binti huyu akiwa grandimasta. Moyo peke yake haumfikishi mtu huko. Lazima alama zake zifike 2500. Zaidi ya hapo anahitaji nomu, kwa kawaida tatu: katika mashindano ya michezo tisa acheze kwa kiwango cha 2600, na kati ya wapinzani wake wasiopungua watatu wawe tayari ni grandimasta. Sasa niambieni, Phiona alipokuwa anakua, hao watatu wangetoka wapi? Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja hazikuwa na hata mmoja. Kwa mtoto wa Katwe, kila nomu ilimaanisha tiketi ya ndege, viza, hoteli na wiki nzima nje ya shule, tena bila uhakika wa kufanikiwa. Amon Simutowe wa Zambia, wa kwanza kusini mwa Sahara kupata cheo hicho, alipitia University of Texas at Dallas, chuo kinachotoa ufadhili kwa wachezaji wa sataranji. Kipaji alizaliwa nacho Zambia. Wapinzani aliwafuata ng'ambo.

Alama za Phiona hazikufika hata 2000. Wapo wanaolisema hili kwa kicheko, wakidai alipambwa na sinema. Wapo wanaolificha kama siri ya familia, wakiogopa litaharibu hadithi. Wote wanafanya kosa lilelile: wanampima mchezaji bila kupima uwanja aliopewa. Nikiangalia uwanja huo, cheo alichorudi nacho ni kazi kubwa. Na mwaka 2017 alipokwenda kusoma Northwest University, Marekani, alifanya ambalo msichana yeyote mwenye akili angefanya. Hakuna deni la ugrandimasta analodaiwa na mtu.

Kwa nini yananiuma? Kwa sababu kila Jumamosi, nikitoka kwenye usomaji wa shahada yangu ya uzamili, nafundisha sataranji watoto wa shule moja ya msingi. Tuna mabao sita, na mawili kati ya hayo yana kifuniko cha soda mahali pa ngome. Mwaka jana alikuja mfadhili mmoja na kamera. Hakuuliza nani anacheza vizuri. Aliuliza yupi ana maisha magumu zaidi. Nilimwonyesha mtoto aliyekuwa amenifunga mara mbili wiki hiyo. Baba yake ni fundi umeme, nyumbani wanakula vizuri. Kamera ikarudi mkobani. Tuliomba saa za kuchezea, hatujazipata mpaka leo.

Hayo ndiyo matunda ya hadithi tunayoipenda. Imewafundisha wafadhili, na sisi wenyewe, kutafuta machozi kabla ya kutafuta mchezo. Tunapenda mfano wa askari mdogo anayevuka bao lote na kugeuka malkia. Lakini aliyecheza anajua kwamba askari akiachwa peke yake huliwa njiani. Huvuka akiwa na ngome nyuma yake.

Basi tuijenge ngome hiyo. Shule ziwe na mabao na saa. Kuwe na ligi ya wilaya inayojulikana tarehe zake. Mashirikisho ya nchi zetu yaungane kuandaa mashindano ya kila mwaka, leo Kampala, kesho Mombasa, keshokutwa Arusha, na yaalike grandimasta watatu au wanne. Kuwagharamia hao waje kwetu ni nafuu kuliko kuwasafirisha vijana ishirini Ulaya, na watoto wetu watakwenda mashindanoni kwa basi.

Nasi watazamaji, siku tutakapoletewa binti mwingine wa mtaa mwingine, tusianze kwa kuuliza ameteseka kiasi gani. Tuulize alama zake ni ngapi, anafundishwa na nani, na mashindano yake yajayo ni lini. Jibu la swali la tatu likiwa "hajui", hapo ndipo tutoe mchango.