Weupe Unaorudisha Mwanga

Tufundishapo mwanga, iwe Kimali mkoani Simiyu au kwingineko, tusiishie kukaririsha rangi za upinde wa mvua. Oksidi ya titani, unga mweupe utiwao katika rangi za kuta, ikipigwa na jua huweza kuua vijidudu majini. Lakini huamshwa na miali ya urujuanimno tu, takriban sehemu 5 katika 100 za nishati ya jua. Kwa nini? Mtoto na autazame ukuta: ni mweupe kwa kuwa huurudisha mwanga tuuonao. Mwaka 2001 watafiti wa Japani waliitia naitrojeni. Ikawa ya manjano, ikaanza kuutumia mwanga huo. Ndugu walimu, tungali twachemsha maji ya lambo kwa kuni. Njia bora itatafutwa na watoto waliozoezwa kuuliza sababu.