Injini ifungwe, kanuni ziachwe wazi

Mtoto wa miezi 8 anayevuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika ana pumzi za haraka. Akishatimiza mwaka mmoja, kiwango hicho hushuka hadi 40. Ndivyo ulivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kuhudumia watoto wagonjwa walio chini ya miaka 5. Mhudumu wa afya huko Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, hutakiwa kuhesabu pumzi hizo kwa dakika nzima, macho kwenye kifua cha mtoto, na mtoto awe ametulia. Akilia, hesabu inaanza upya.

Kanuni za namna hii ndizo zinazoifaa Prolog. Lugha hiyo ya kompyuta ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, kwa kazi ya Alain Colmerauer na Philippe Roussel, wakisaidiwa na mawazo ya Robert Kowalski aliyekuwa Edinburgh. Katika lugha nyingi za programu, mwandishi huiamuru kompyuta hatua kwa hatua. Katika Prolog hueleza tu lililo kweli: mtoto ana pumzi za haraka ikiwa umri wake ni kuanzia miezi 12 na pumzi zake ni kuanzia 40. Kutafuta jibu ni kazi ya injini ya lugha yenyewe. Mwaka 1986 Kowalski, Marek Sergot na wenzao walichapisha sehemu kubwa ya sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 ikiwa imeandikwa kwa Prolog.

Uzuri wa kuandika hivyo huonekana kwenye kompyuta ya mwandishi wa programu. Taabu huanza programu inapopaswa kuhama. Kompyuta ya zahanati haina Prolog, na hakuna sababu ya kumtaka muuguzi aisakinishe. Anachohitaji ni faili moja inayofika kwa flashi, anaibofya, inafunguka.

Faili hiyo inawezekana. SWI-Prolog, ambayo Jan Wielemaker alianza kuijenga Uholanzi mwaka 1987 na ambayo hailipiwi, ina amri ya kuchukua kanuni zote zilizokwisha kupakiwa na kuzihifadhi katika faili moja. Mwandishi akiomba waziwazi, injini nayo huingizwa humo, na kanuni hubandikwa nyuma yake zikiwa zimeshindiliwa katika zip. Asipoomba, huenda faili ikafunguka vizuri kwake na ikagoma kwingine, kwa kuwa inatafuta Prolog ambayo haipo. Hata akiomba, baadhi ya maktaba za mfumo zinaweza kubaki nje. Tena faili iliyotengenezwa kwenye Linux haifunguki kwenye Windows, na ya kompyuta haiendi kwenye simu. Kwa hiyo jaribio la kweli ni kuipeleka kwenye mashine ambayo haijawahi kuguswa na Prolog, ikiwezekana ile kuukuu kabisa iliyopo ofisini. GNU Prolog ya Daniel Diaz hupita njia nyingine: hugeuza kanuni zenyewe kuwa lugha ya mashine.

Wapo watakaouliza taabu yote hii ya nini wakati programu inaweza kuwekwa kwenye seva Nairobi na kila mtu akaifikia kwa intaneti. Hoja hiyo inamtaka mhudumu awe na mtandao, bando na umeme kila mara mtoto mgonjwa anapoletwa. Anayeitoa kwa kawaida ana vyote vitatu.

Afrika Mashariki ilikwisha kuona faida ya kuweka kanuni mkononi mwa mhudumu. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Mtwara, Tanzania, ambapo mwongozo huohuo wa watoto uliwekwa kwenye vifaa vidogo vya kielektroniki. Wahudumu walifuata hatua nyingi zaidi kuliko walipotegemea karatasi na kumbukumbu. Nchini Kenya, serikali ilipozindua vifaa vya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mnamo Septemba 2023, simu zilikuwa miongoni mwake, na mfumo wake umejengwa uweze kufanya kazi bila mtandao na kutuma taarifa mtandao unapopatikana. Mifumo hiyo haikuandikwa kwa Prolog, lakini swali lake ni lilelile: kanuni zinakaa wapi, na nani anaweza kuzisoma?

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Wakishafaulu kufungasha kila kitu katika faili moja, wanajipongeza na kuondoka. Kumbe wamefungia pamoja vitu viwili vyenye umri tofauti. Injini inaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa. Kanuni za tiba hubadilika. Zamani mtoto aliyebonyea kifua wakati wa kuvuta pumzi alihesabiwa kuwa na nimonia kali na kupewa rufaa kwenda hospitali. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo: ikiwa hana dalili za hatari, aghalabu anaweza kutibiwa nyumbani kwa amoksisilini ya kunywa. Programu iliyofungwa mwaka 2013 ingeendelea kumpa mama wa Zombe safari ya Kitui mjini, nauli na kitanda cha wodini, bila kuonyesha kosa lolote kwenye kioo.

Kwa hiyo injini ifungwe, pamoja na maktaba zake zote, mpaka isitegemee kitu. Kanuni zikae kando, katika faili ya maandishi ambayo programu huisoma kila inapofunguliwa. Prolog huliruhusu hilo bila shida. Ni mafundi wanaolikwepa, wengine kwa uvivu na wengine kwa kuogopa kunakiliwa. Ukubwa wa faili hiyo ni mdogo kiasi kwamba marekebisho yanaweza kutumwa kwa barua pepe na kufika Zombe bila kumaliza bando.

Pingamizi la maana ni la usalama: faili iliyo wazi inaweza kuchezewa na yeyote anayepita karibu na kompyuta. Jibu lake ni sahihi ya kidijitali. Programu ikague sahihi kabla ya kusoma kanuni, na ikikuta hata herufi moja imeguswa, ikatae kufanya kazi na iseme kwa nini. Kusoma kubaki ruhusa kwa wote, kubadilisha kubaki kwa mwenye mamlaka.

Kazi hii haihitaji kusubiri wageni. Kitui ina Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya huko Kwa Vonza, na mradi wa mwisho wa mwanafunzi wa kompyuta unatosha kuanza: kanuni za pumzi, kuhara na homa, majina yake yakiwa ya Kiswahili au Kikamba ili muuguzi azisome mwenyewe. Mtihani wake usiwe wa kuonyesha slaidi mbele ya mhadhiri. Apewe kompyuta ngeni iliyokatwa intaneti, na flashi moja. Juu ya ukurasa wa kwanza wa programu, kabla ya swali lolote kuhusu mtoto, iandikwe tarehe ya kanuni zinazotumika na ofisi iliyoziidhinisha.