Nauli ya kazini isipitie kwa ajenti kila asubuhi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kwenye barabara kuu inayotoka Isebania kwenda Kisii, watu wameshaanza kusimama kando ya lami. Mwalimu anaelekea Awendo, kijana wa kiwanda cha sukari naye anashukia huko huko, na mama wa omena amefika kutoka Sori na beseni lake. Lakini ukiangalia vizuri utaona wengine hawako steji. Wako mbele ya kibanda cha ajenti ambacho bado kimefungwa, wanangoja kutoa nauli. Shilingi 200 tu.

Wakazi wa Nairobi wakilalamika kuhusu safari ya kazini, wanalalamika juu ya msongamano wa magari. Migori hakuna jam ya kukulaza njiani. Hapa muda wako unaliwa na kungoja. Unangoja boda ikutoe nyumbani hadi lami, unangoja matatu au Probox ijae, unangoja ajenti afungue, halafu unangoja chenji. Safari yenyewe ni fupi, ila ina vipande viwili au vitatu, na kila kipande kinadai pesa yake mkononi.

Sisi kazi yetu ni pesa za simu, kwa hiyo tuzungumzie kipande tunachokijua: huyo ajenti wa asubuhi. Tunapoandika haya, kutoa kati ya shilingi 101 na 2,500 kwa ajenti wa M-Pesa ni shilingi 29. Umetoa 200, ni 29. Umetoa 2,500, ni hiyo hiyo 29. Sasa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki na kutoa 200 kila asubuhi, kwa wiki nne amelipa 29 mara 24, yaani shilingi 696. Hajapanda gari, hajala, hajanunua hata sukari. Amelipia kushika pesa yake mwenyewe.

Tukisema hivi watu hutuambia, "Si nitoe mara moja basi, ya wiki yote?" Kwa hesabu ni sawa, ungelipa 116 badala ya 696. Lakini tumewasikiliza wateja wa kutosha kujua kwa nini hawafanyi hivyo. Pesa ikilala nyumbani huliwa. Mtoto atahitaji kalamu, jirani atakuja na shida, na ifikapo Alhamisi nauli haipo. Kumbe wengi hutoa kidogo kidogo si kwa kutojua hesabu, bali kwa sababu simu ndiyo kufuli lao. Hiyo tunaiheshimu. Shida ni kwamba wanalipa shilingi 29 kila wanapofungua kufuli, na si lazima.

Rai yetu ni hii: acha pesa ndani ya simu, na ulipe nauli kutoka humo humo.

Kutuma shilingi 100 au chini ya hapo hakuna ada. Wengi hawalijui hili, au walilijua wakasahau. Machi 2020, corona ilipoingia, ada za kutuma hadi 1,000 ziliondolewa ili watu wapunguze kushikana noti. Mwisho wa mwaka huo ada zikarudi, isipokuwa kwa shilingi 100 kushuka chini. Hiyo imebaki bure. Na safari nyingi za boda za kutoka kijijini hadi barabarani haziziidi hizo. Ikiwa nauli imezidi kidogo, tuseme 150, kutuma ni shilingi 7, bado ni mbali na 29.

Hapo ndipo jamaa wa boda anaposema, "Madam, tuma na ya kutoa."

Tusimlaumu. Akipokea kwa simu naye atataka kutoa, na yeye hataki kubeba gharama ambayo abiria ameikwepa. Lakini hebu tufikirie pamoja naye. Hatoi kila nauli peke yake. Akibeba abiria ishirini na tano wa shilingi 100, zote 2,500 anazitoa jioni kwa 29 moja, kama shilingi moja na kidogo kwa kila abiria. Kumwomba kila mmoja aongeze 11, ambayo ndiyo ada ya kutoa 100, ni kuzidisha. Na pengine hana haja ya kutoa zote. Petroli analipia kwa till kwenye pampu na mnunuzi hakatwi kitu. Kama pikipiki ni ya tajiri, hesabu ya siku, tuseme 300, anamtumia kwa shilingi 7. Pesa ikizunguka ndani ya simu, anayetoa ni yule tu anayehitaji noti kweli.

Kinachowatisha waendeshaji zaidi ya ada ni ujanja. Kuna abiria anayelipa, akishuka anaomba muamala urudishwe kwamba alikosea nambari. Kuna anayeonyesha ujumbe wa uongo. Kwa hiyo tunawaambia jamaa zetu wa boda: ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu, na kabla ya kumwachilia mteja, angalia salio. Usiridhike na simu yake anayokusukumia usoni. Na wewe abiria, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha muamala. Asubuhi na mapema, vidole vikiwa na baridi, nambari moja hukosewa kwa urahisi.

Kwa matatu ni ngumu zaidi, tuseme ukweli. Mwaka 2014 serikali ilitaka nauli zote zilipwe bila pesa taslimu, na mpango ule haukushika. Hata kadi ya BebaPay, ya Google na Equity, ilifungwa baadaye. Maoni yetu ni kwamba ulilazimishwa kutoka juu bila kuuliza makanga na dereva wanalipwaje mwisho wa siku. Mtu anayelipwa kwa pesa ya mkononi jioni hiyo hiyo ataikataa kadi, hata umwekee sheria kumi. Ndiyo maana tungependa kuanzia kwa boda na Probox, ambako anayepokea nauli mara nyingi ndiye mwenye hesabu, halafu sacco zione zenyewe.

Noti bado zitahitajika. Anayevuka Isebania kwenda Sirare anahitaji shilingi ya Tanzania mfukoni. Huko Nyatike kuna mahali mtandao hugoma, na simu iliyozima chaji hailipi mtu. Weka noti moja ya akiba nyuma ya kitambulisho na usiiguse.

Jambo moja tunaliomba kwa ukali kidogo: usichukue Fuliza kwa ajili ya nauli ya kila siku. Mara moja, umekwama Rongo usiku, sawa. Lakini ukiamka kila asubuhi na kusafiri kwa pesa ya kukopa, mshahara ukiingia unakatwa kabla hujauona, na kesho yake unakopa tena kwenda kutafuta mwingine.

Kesho asubuhi mwulize jamaa wako wa boda kabla ya kupanda, si baada ya kufika: "Nikutumie kwa simu, bila ya kutoa, sawa?" Kama ni yule yule anayekubeba kila siku, mtaelewana. Akikataa, mwambie hesabu ya abiria ishirini na tano.