Kijana Anaposoma Habari za Gemu



Mama mmoja ametuletea swali ambalo naamini si lake peke yake. Mwanawe wa kidato cha tatu haachi swala, wala hakai na wavuta bangi, lakini kila usiku huinamia simu akisoma habari za mashindano ya gemu: nani kahama timu, nani kashinda Riyadh, nani kafungiwa. Kijana hujitetea kwamba hizo ni habari kama zile za mpira anazosoma babake. Babake naye ameapa kuivunja simu. Mama amesimama katikati, na anauliza: mwanangu anapotea, au anasoma gazeti?

Hawezi kulijibu swali hili mtu asiyejua kilichomo ndani ya habari zenyewe. Wazee wetu wengi huhukumu kwa kuutazama mgongo wa simu tu.

Tuanze na lililo dhahiri. Michezo hii ya kompyuta na simu sasa ina wachezaji wa kulipwa, makocha, ligi, mikataba na waandishi wake, sawasawa na kandanda. Katika kiangazi cha mwaka 2024 Saudi Arabia iliandaa mjini Riyadh Kombe la Dunia la michezo hiyo kwa muda wa wiki 8, na zawadi zake zote kwa jumla zilipita dola milioni 60. Timu ya Falcons, ambayo ni ya Wasaudi wenyewe, ndiyo iliyotwaa ubingwa wa vilabu na dola milioni 7. Kwa hivyo anayesema kwamba haya ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu sisi, ajue kwamba kijana wake anayafuatilia kutoka mji ulio karibu na Makka kuliko Mombasa, na ambao saa yake ni moja na yetu.

Wala si matajiri peke yao waliomo. Arslan Siddique, ajulikanaye kwa jina la Arslan Ash, ni kijana wa Lahore, Pakistan, mji ambao wachezaji wake walikulia katika vibanda vya gemu visivyotofautiana sana na vya mitaani kwetu. Mwezi wa Februari 2019 alikwenda Fukuoka, Japani, kushindana katika Tekken. Njiani alihangaishwa na viza na ndege hata akafika akiwa amechoka na kuchelewa. Akashinda. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo akashinda tena Las Vegas, na fainali ilikuwa dhidi ya Mkorea ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa mchezo huo. Jambo lililowashangaza wengi ni kuwa hakujisifu, bali alieleza kwamba kwao Pakistan wako wengine wakali ambao ulimwengu haujawaona. Hapa Kenya, Sylvia Gathoni, aitwaye Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya ng'ambo mwaka 2018 kucheza mchezo huohuo, huku akiendelea na masomo yake ya sheria. Hilo la masomo nimelitaja makusudi, maana vijana hulisahau upesi.

Basi kijana hadanganyi anaposema kuwa hizi ni habari za kweli. Lakini habari ya kweli nayo ina upande inaouonyesha na upande inaoufunika. Tazama fedha zinatoka wapi.

Mwaka 2021, mjini Bucharest, yalifanyika mashindano ya Dota 2 yaitwayo The International, na zawadi yake ilizidi dola milioni 40. Vichwa vya habari vilisema milioni 40, milioni 40, na vijana wakaota. Kampuni ya Valve, yenye mchezo huo, ilikuwa imetoa dola milioni 1.6 tu za msingi. Zilizobaki zilitokana na robo ya mauzo ya kijitabu cha kidijitali na mapambo yake, ambacho wachezaji wa kawaida ulimwenguni kote walikinunua kwa fedha zao. Yaani mamilioni ya watazamaji walichangishana, kampuni ikachukua robo tatu, na robo iliyobaki ikaitwa zawadi. Kampuni ilipobadilisha utaratibu huo wa mauzo, zawadi ya mwaka 2023 ilishuka hadi dola milioni 3 na kidogo. Kijana anayesoma kuhusu mshindi na asijue kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetozwa hajasoma habari nzima.

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa kila mzazi akijue, kwa sababu ndani yake mna ubaya wa mambo haya na faida ya habari zake kwa pamoja.

Mwaka 2013 mchezo wa Counter-Strike uliingiza mapambo ya silaha: rangi na nakshi ambazo hazimwongezei mchezaji nguvu yoyote, ila zinapendeza na ni adimu. Zikawa zinauzwa na kununuliwa kwa fedha halisi. Haukupita muda ila watu wakazifanya dau. Ukiamini timu fulani itashinda, unaweka pambo lako, ukishindwa, limekwenda. Hakuna noti iliyoshikwa mkononi, na kwa hivyo watoto wengi hawakuhisi kwamba wanacheza kamari.

Mwezi wa Agosti 2014, timu ya Marekani iitwayo iBUYPOWER, iliyokuwa katika timu bora za nchi hiyo, ilishindwa vibaya na timu dhaifu. Minong'ono ikazagaa kisha ikanyamaza. Mwezi wa Januari 2015 mwandishi wa habari za michezo hii, Richard Lewis, alichapisha ujumbe wa simu na ushahidi mwingine ulioonyesha kwamba mechi ile iliuzwa. Wachezaji walishindwa kwa makusudi, na watu wao wakaweka dau dhidi yao. Valve ikafuatilia mapambo yaliyoshindwa siku ile na kuona yakihamishwa kutoka akaunti hadi akaunti mpaka yakawafikia wachezaji wenyewe. Thamani yake ilikuwa dola elfu kadhaa. Waliohusika walifungiwa, na mwaka mmoja baadaye ikatangazwa kwamba kifungo hicho hakina mwisho. Vijana waliokuwa na kipawa ambacho wenzao walikitamani wakaishia nje ya mashindano makubwa kwa ajili ya rangi za bunduki za kuchora.

Katika wachezaji watano wa siku ile, mmoja jina lake halikuwamo katika orodha ya waliofungiwa. Ni yule aliyejulikana kama Skadoodle. Januari 2018 alikuwa katika timu ya Cloud9 iliposhinda mashindano makubwa ya Boston, timu ya kwanza ya Amerika Kaskazini kufikia daraja hilo katika mchezo huo. Wenzake wa zamani walikuwa watazamaji.

Angalieni ni nani aliyefichua. Hakuwa polisi wala kampuni. Alikuwa mwandishi wa zile habari ambazo baba anataka kuvunjia simu. Lakini kurasa zenyewe za habari hizi aghalabu hubeba matangazo ya kampuni za kamari, na nyingine huweka pembeni mwa habari ya mechi hesabu za dau lake. Asali na sumu zimetiwa katika kibuyu kimoja, nasi twamwachia mtoto wa miaka 16 achuje peke yake.

Wasiokuwa Waislamu nao wameliona tatizo. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya bahati vilivyomo katika michezo kadhaa, FIFA 18 na Counter-Strike ikiwa miongoni mwao, vinavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Kisanduku cha bahati ni kitu unachokilipia bila kujua ndani mna nini: huenda ukampata mchezaji nyota, huenda ukapata mabenchi matupu. Mwanzoni mwa 2019 kampuni yenye mchezo wa FIFA ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za kununulia pakiti hizo. Sisi tulio na aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida, ambamo kamari imetajwa pamoja na ulevi na tukaelezwa uadui inaouzusha na swala inayoiondoa, hatukuhitaji kungoja tume ya Brussels.

Nimewasikia wengine wakiharamisha gemu zote kwa neno moja. Mimi si mufti, na nasema nilivyofahamu kwa wenye elimu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mlango wa mashindano unajulikana: dau limeruhusiwa katika farasi, ngamia na mishale kwa masharti yake, na hata hapo, ikiwa wote wawili wametoa dau, lazima aingie wa tatu asiyetoa kitu. Katika michezo mingine, kushindana bila ya dau ni jambo moja, na kushindana kwa dau ni jambo jingine kabisa. Kuhusu zawadi inayotolewa na mdhamini wa nje, na mchezaji hakutoa chochote, maulamaa wa zama hizi wamekhitalifiana, na kila mmoja amwulize sheikh anayemwamini. Ama lililo baina ya wachezaji wawili, kila mmoja ametoa na mmoja ataondoka na yote, halina khilafu wala tata.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwatoa Riyadh na Boston niwarejeshe mtaani. Katika vibanda vyetu vya gemu kuna kanuni ambayo vijana wameizoea hata hawaioni: mshindwa hulipa. Wawili hukaa, hucheza mechi moja ya mpira, na aliyefungwa hulipia wote. Ni shilingi chache. Lakini kila mmoja ameingia hali ya kuwa ama atacheza bure au atalipa mara mbili, na hilo ndilo lenye kuitwa qimar. Mama anaogopa habari za dola milioni 40, ilhali mwanawe amejifunza dau hapo nyuma ya msikiti, baada ya chuo, kwa nauli aliyopewa na yeye mwenyewe. Dawa yake ni nyepesi: kila mmoja alipe yake kabla ya mechi, au mmoja awakaribishe wenzake na alipe kabla haijajulikana nani kashinda. Wenye vibanda wengi ni Waislamu na ni jirani zetu. Wakiambiwa kwa hekima watalikubali, maana mapato yao hayapungui.

Jambo la wakati nalo si dogo. China tangu 2021 imewawekea walio chini ya miaka 18 saa moja tu ya gemu za intaneti, saa mbili hadi saa tatu usiku, kwa Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini, iliyokuwa kitovu cha michezo hii, kwa miaka 10 iliwazuia walio chini ya miaka 16 kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kisha ikaiondoa sheria hiyo na kuwaachia wazazi. Kwetu, mechi za Amerika huangukia usiku wa manane, na mwenye kuzifuata alfajiri hupita juu yake akiwa usingizini. Simu ilale chumbani kwa mama baada ya isha. Habari itakuwapo asubuhi.

Nami namwambia mama aliyeuliza: kabla ya simu kuvunjwa, kaa na mwanao jioni moja, au babake akae naye, akusomee habari moja aipendayo tangu mwanzo hadi mwisho. Muulize timu ile inalipwa na nani, na lile tangazo la pembeni ni la nini. Kisha mfungue pamoja ujumbe wa M-Pesa wa miezi mitatu iliyopita, mtazame kama kuna malipo kwa kampuni ya dau au ununuzi wa pakiti ndani ya gemu. Kama hakuna, mwacheni asome. Kama yapo, andikeni jumla yake kwenye karatasi mbele yake, na mazungumzo yaanzie hapo.

Wallahu aalam.